Mke wa Askari Alimlilia Nani?

Katikati ya Aprili 1916, masika yakiwa yamegeuza udongo wa chini ya mlima Kwaraa kuwa tope la kunasa magurudumu, wapanda farasi wa Jenerali Jaap van Deventer wa Afrika Kusini walipita Ufiome wakielekea kusini. Siku chache kabla, kwenye kilima cha Lolkisale upande wa kaskazini, kombania nzima ya jeshi la Wajerumani yenye askari Waafrika wapatao 400 ilikuwa imesalimu amri baada ya kukatiwa maji. Farasi wa van Deventer walianguka njiani mmoja baada ya mwingine kwa maradhi na ndorobo, lakini msafara haukusimama. Tarehe 19 Aprili ulikuwa umekwishaitwaa Kondoa-Irangi.

Ufiome ni jina la zamani la nchi ya Wagorowa, ambao vitabu vya wakoloni viliwaita Wafiomi. Mji wa Babati umo ndani ya nchi hiyo, na Sigino ni kata mojawapo ya mji huo. Leo anayepita huku huona mashamba ya mahindi na mbaazi, na malori yanayokwenda Dodoma kwa barabara ya lami iliyofunguliwa mwaka 2018 pale Bonga. Hapana kinachomwambia kwamba vita vya Wazungu vilipita hapa. Watu wa vita wanawakumbuka majenerali, na hata farasi wale waliandikiwa kurasa zao. Waliosahauliwa ni wanawake waliotembea nyuma ya kombania za Wajerumani wakiwa na vyungu kichwani na watoto mgongoni.

Walikuwepo tangu mwanzo kabisa. Mwaka 1889, kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipoajiri Wasudani kule Cairo kuja kuuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri, wengi wao walikuja na wake zao. Tangu hapo jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki lilikuwa jeshi la kaya. Kando ya kila boma palikuwa na kijiji cha askari, na askari mwenye heshima alijulikana kwa ukubwa wa nyumba yake: wake, watoto, jamaa, na vijana wa kumbebea vitu. Serikali haikuhitaji kujenga jiko la jeshi. Jiko alilibeba mwanamke, na kazi ya kusaga, kuteka maji na kutafuta kuni ilikuwa yake, iwe bomani au safarini. Wapo walioolewa kwa mahari na ridhaa ya wazazi. Wapo pia waliokamatwa katika kampeni za kuunguza vijiji, hasa wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, wakageuka kuwa wake wa watu waliowachomea nyumba zao. Neno "mke" lilifunika hali zote mbili, na yeyote anayeandika historia hii hana budi kulifunua.

Vita vilipoanza 1914, kaya hizo zilitembea na vita. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alilivusha jeshi lake mto Ruvuma kuingia Msumbiji, akarudi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Na wanawake walikwenda naye miaka yote, wakijifungua porini na kunyanyuka tena kufuata mstari. Aliposalimu amri huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa amebaki na askari 1,168. Mamia ya wanawake walisimama pamoja nao.

Mwanamke wa namna hiyo, akipigwa na mumewe usiku, alimlilia nani? Wazazi wake walikuwa mbali, pengine upande wa pili wa nchi. Wazee wa kwao hawakuwa na sauti bomani. Jirani yake alikuwa mke wa askari mwingine, mwenye shida zilezile. Aliyebaki ni mkubwa wa kombania, Mjerumani ambaye kila juma aliamuru watu wachapwe kiboko. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, ilikuwa adhabu ya kawaida kabisa ya utawala ule, hata neno likaingia katika Kiswahili na kukaa. Askari ndiye aliyekishika kiboko hicho mchana kwa amri ya serikali. Kumtarajia akiweke mlangoni kabla ya kuingia ndani kulikuwa kutarajia jambo ambalo serikali yenyewe haikumfundisha.

Hapo ndipo jambo la kushangaza linapoanza, kwa sababu katika nchi hiyohiyo waliyoipita farasi wa van Deventer, walikuwepo wanawake waliokuwa na mahakama yao.

Wadatoga, hasa kundi lao la Wabarbaig, ni wafugaji wanaoishi kuuzunguka mlima Hanang na kupakana na Wagorowa na Wairaqw wa Babati na Mbulu. Mwanaanthropolojia Mmarekani, George Klima, aliishi nao miaka ya 1950, na mwaka 1964 akachapisha makala kuhusu sheria baina ya wanaume na wanawake. Alichoeleza humo ni baraza linaloitwa girgwageda gademga, maana yake mkutano wa wanawake. Mwanamume aliyemkosea mwanamke kwa namna inayowagusa wanawake wote, kwa mfano kumpiga mzazi aliye bado katika siku za kutengwa baada ya kujifungua, hakuwa amemkosea mkewe tu. Alikuwa amewakosea wanawake wote wa eneo lile.

Habari ilipita kaya kwa kaya. Wanawake wazima walikusanyika chini ya mti wakiwa na fimbo zao, wakaketi kama wazee wanavyoketi. Kosa lilielezwa, mashahidi wakasikilizwa, na wenye busara ya kusema wakasema. Mtuhumiwa aliweza kuja kujitetea, lakini akae mbali kidogo na asubiri. Akionekana ana hatia alitozwa fahali. Wanawake wenyewe walimfuata mnyama huyo zizini, wakamchinja na kumla wao, na wanaume hawakuonja. Mwenye kukataa alikabiliwa na kitu kizito kuliko faini: laana ya akina mama. Katika jamii ambayo uzazi wa watu na wa ng'ombe umo mikononi mwa wanawake, hakuna mwanamume aliyetaka kuijaribu laana hiyo. Ndugu zake mwenyewe ndio waliomhimiza atoe fahali upesi.

Si haki kulipamba baraza hilo kupita kiasi. Halikukataza kila kipigo. Mume wa Kidatoga alihesabiwa kuwa na mamlaka juu ya mkewe, na makofi mengi yalipita bila mkutano wowote kuitwa. Lakini mke wa Kidatoga alikuwa na vitu viwili ambavyo mke wa askari bomani hakuwa navyo. Cha kwanza ni ng'ombe aliopewa na wazazi wake siku ya kuolewa, ambao mume hakuweza kuwagawa apendavyo bila yeye kukubali. Cha pili ni mahali pa kupeleka kilio ambapo msikilizaji hakuwa mkubwa wa mumewe, wala rafiki yake, wala mtu anayemhitaji kesho kwa kazi.

Tofauti hiyo ya pili inastahili kushikwa sana, kwa kuwa karne nzima iliyofuata ya familia za kijeshi inazunguka hapo.

Waingereza waliichukua Tanganyika pamoja na sehemu ya jeshi lake. Kikosi cha sita cha King's African Rifles, kwa kifupi KAR, kiliundwa 1917, na baadhi ya watu wake walikuwa askari wa zamani wa Wajerumani waliotekwa. Wakabadilisha kofia, wakabadilisha maneno ya amri, lakini nyumba zao ziliendelea kuwa vilevile. Kilichobadilika polepole ni mpango wa makazi. Badala ya kijiji cha askari chenye vibanda vya kila namna, kambi za KAR zilikuwa na laini: vyumba vilivyopangwa mistari, vilivyopigwa chokaa na kukaguliwa. Mke hakuingia laini bila ruhusa. Jina lake liliandikwa, ndoa yake ilichunguzwa, na idadi ya wake walioruhusiwa kambini ilikuwa na kikomo. Askari wa vyeo vya chini mara nyingi aliambiwa amwache mkewe kijijini.

Ugomvi wa laini ulipelekwa kwa ofisa kwa njia iliyoitwa shauri, neno letu ambalo Waingereza wa KAR walilitumia kila siku. Ofisa aliketi mezani, sajini-meja akasimama kando, na mume na mke wakaeleza. Mara nyingine uamuzi ulikuwa wa huruma. Lakini kipimo kilichotumika kilikuwa nidhamu ya kikosi. Kelele za mwanamke zilipimwa kwa namna zilivyowasumbua watu wa laini, na mwanamke aliyehesabiwa kuwa chanzo cha fujo angeweza kuondolewa kambini na kurudishwa kwao. Kwa hiyo kulalamika kulikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa nyumba. Mke wa askari alilijua hilo kabla hajafika mezani pa ofisa. Sajini-meja aliyesimama kando alikuwa mkubwa wa mumewe, na kesho yake asubuhi wanaume hao wawili wangekuwa pamoja kwenye gwaride.

Pamoja na hayo, huduma za kwanza za familia zilianzia humohumo kambini. Wake za maofisa wa Kiingereza waliendesha kliniki za kupima watoto, kugawa maziwa, kufundisha kushona na kufuma. Baada ya 1945 kazi hiyo ilipata watumishi maalumu wa ustawi katika kambi kadhaa za Afrika Mashariki. Kuna wanaoicheka kazi hiyo kwa sababu ya vitambaa vya mezani. Wanaocheka hawajawahi kuwa mama mwenye mtoto wa miezi mitatu, mbali na kwao kwa maili mia nne, bila shangazi wala bibi wa kumwambia kwamba homa hii ni ya meno. Kliniki ilikuwa mahali ambapo mwanamke aliweza kuonekana na mwanamke mwingine akiwa na jicho lililovimba. Kama kuna aliyeuliza limetokana na nini, hilo lilitegemea moyo wa muulizaji, kwani halikuwa sehemu ya kazi yake.

Vita vya pili vya dunia vilizichukua nyumba nyingi zaidi. Watanganyika zaidi ya 80,000 walivaa sare. Wakapigana Ethiopia, Madagaska, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipenya bonde la Kabaw katika mvua za 1944. Wakati huo Babati ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Askari aliyetoka huku aliweza kuiachia familia yake sehemu ya mshahara wake, na fedha hizo zikalipwa kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mpango ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na shimo moja. Mwenye kuandika jina la mpokeaji alikuwa askari mwenyewe, na mara nyingi aliandika jina la baba yake au kaka yake. Mke alibaki akiomba kwa shemeji fedha zilizotumwa kwa ajili ya watoto wake. Mwaka 1943 njaa ilipoikumba Afrika Mashariki, kuomba huko kulikuwa suala la kuishi au kufa. Wanaofanya kazi ya kuzuia ukatili nyumbani leo huuita unyimaji wa fedha kwa jina lake, ukatili wa kiuchumi. Zama hizo uliitwa taratibu ya ofisi.

Barua zilizorudi kutoka ng'ambo zilijaa wasiwasi. Askari aliwauliza machifu na wakuu wa wilaya kama mkewe yupo nyumbani, kama ametulia, nani anaonekana naye. Serikali ililichukulia suala hilo kwa uzito kwa kuwa lilivunja ari ya wapiganaji. Mwanamke alichunguzwa kwa niaba ya mume aliye mbali, na huo ukaitwa ustawi wa askari.

Uhuru ulibadilisha bendera 1961. Maasi ya askari wa Tanganyika Rifles, yaliyoanza Colito tarehe 20 Januari 1964 kwa sababu ya mishahara na vyeo, yalilifuta jeshi lile lote, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Kambi ya Colito ikaitwa Lugalo. Askari mpya alitakiwa awe mwananchi mwenye siasa, mjenzi wa taifa. Mke wake hakutajwa kwa jina popote katika mageuzi hayo, ila miaka saba baadaye sheria moja ya kiraia ilimfikia bila kugonga lango la kambi.

Serikali ilikuwa imechapisha mapendekezo yake ya sheria ya ndoa mwaka 1969 na kuyapeleka kwa wananchi wayajadili. Mjadala ulikuwa mkali, kuanzia wake wengi, umri wa kuolewa, hadi mali. Sheria ya Ndoa Namba 5 ya 1971 ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo, na kifungu chake cha 66 kilisema jambo ambalo hakuna sheria ya Tanganyika iliyowahi kulisema waziwazi: kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila yoyote inasema vinginevyo. Sheria hiyohiyo iliweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na shauri la talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, lipitie kwanza huko. Ukatili ukatambuliwa kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika.

Kifungu kizuri kilikuwa na pengo lake. Kilikataza kipigo bila kuweka adhabu yake, kikaiacha kazi hiyo kwa sheria za jinai za kawaida, yaani shambulio na kudhuru mwili. Polisi waliopokea malalamiko waliyajua makosa hayo vizuri pale mlevi alipompiga mlevi mwenzake kilabuni. Mke alipoyaleta, aliambiwa arudi wakayamalize nyumbani. Na mali? Ilichukua hadi 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, kwa Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kutamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mlalamikaji mwenyewe hakuambulia mgawo aliouomba, lakini neno lilikuwa limetoka. Mwanamke aliyeosha na kupiga pasi sare za mumewe kwa miaka ishirini sasa alikuwa na jambo la kusema mahakamani.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Tanzania iliita mgambo kwa maelfu kutoka mikoani. Jeshi lililokuwa na watu wapatao 40,000 likapita laki moja katika miezi michache. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliokufa wakazikwa kwa heshima, na mnara wa Kaboya unawakumbuka. Waliorudi walipokelewa kwa nyimbo, kisha wakaambiwa, kama wananchi wote, wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilikuwa mirefu kuliko kalenda. Sabuni, chumvi na nguo viliadimika, na mgambo aliyevua sare alirudi kwenye jembe lake.

Habari za namna walivyoishi nyumbani baada ya pale zimeandikwa kidogo mno. Waandishi waliandika mapigano, na wanasiasa wakaandika gharama. Mwanamume aliyekuwa akishtuka usiku na kumkaba aliyelala kando yake hakuwa na ofisi ya kumsikiliza, na aliyekabwa hakuwa nayo pia. Pengo hili ni kubwa, na kila mwaka unaopita unawachukua wajane waliokuwa wanaweza kulijaza kwa midomo yao wenyewe.

Nchi nyingine zililazimika kulitazama suala hilo kwa uchungu. Marekani ilianzisha mpango wa kutetea familia ndani ya majeshi yake mwaka 1981, wenye wataalamu wa ustawi katika kila kambi kubwa. Hata hivyo katika kiangazi cha 2002, ndani ya wiki sita, wake wanne wa wanajeshi wa kambi ya Fort Bragg waliuawa na waume zao, na watatu kati ya waume hao walikuwa wametumikia Afghanistan. Uchunguzi uliofuata uligusa mfupa uleule wa laini za KAR: wake waliogopa kusema, kwa sababu kusema kulifika kwa kamanda, na kamanda ndiye aliyeshika cheo cha mume, mshahara wake na nyumba yao. Mwaka 2006 jeshi hilo lilikubali njia mpya. Aliyepigwa sasa angeweza kumwona daktari na mshauri na kupata msaada bila kamanda kuarifiwa, mpaka yeye mwenyewe aamue. Kwa maneno mengine, jeshi lenye fedha nyingi kuliko yote duniani lilifika, kwa kuzunguka sana, pale walipokuwa akina mama wa Hanang: msikilizaji asiwe mkubwa wa mume.

Karibu na kwetu, Kenya ina chama cha wake wa wanajeshi, na uzito wa kazi yake ulionekana baada ya shambulio la El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, lililoacha wajane wengi kwa siku moja. Tanzania nayo ina wanajeshi katika ulinzi wa amani. Saba waliuawa Darfur Julai 2013. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi yao ya Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa na wasiopungua 14 wakauawa. Majeneza yalipokelewa kwa heshima za kijeshi, na nchi ikawaona wake kwa dakika chache kwenye televisheni, wameshikiliwa mikono na wanawake wenzao waliovaa sare. Mke wa anayerudi salama haonyeshwi. Ameendesha nyumba peke yake mwaka mzima, ameamua ada na mbegu na mgonjwa, na sasa anarejea mtu aliyezoea kuamriwa na kuamuru. Wengi hupita kipindi hicho kwa subira na mapenzi. Wasioweza kupita wanahitaji mtu wa kumwambia mapema, kabla mkono haujanyanyuliwa.

Takwimu za nchini zinaonyesha kwamba mkono huo si wa wanajeshi peke yao, wala hasa wa kwao. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa 2001 na 2002 ulikuta kwamba kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 wilayani Mbeya walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza wao. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba zipo sababu za mume kumpiga mke. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Tarakimu hiyo ya wanawake inauma. Inaonyesha jinsi somo la hamsa ishirini lilivyoingia hadi kwa wanaopigwa. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliwahi kupigwa au kudhuriwa mwili tangu wafikishe miaka 15. Mwaka 2022 asilimia hiyo ilishuka hadi 27.

Kushuka huko kuna wafanyakazi wake. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilianza 1987. Cha wanasheria wanawake, TAWLA, kilisajiliwa 1990. Mtandao wa jinsia, TGNP, 1993. Walifungua vituo vya ushauri wa kisheria, wakaandika magazetini yale yaliyoitwa mambo ya ndani, wakapiga hodi bungeni hadi Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Na ndani ya jeshi la polisi lenyewe, wanawake wenye sare waliunda mtandao wao, TPF Net, mwaka 2007, enzi ya Inspekta Jenerali Said Mwema. Kutokana na msukumo huo yakaja madawati ya jinsia na watoto. Leo yapo zaidi ya 400 katika vituo vya polisi nchini. Kwenye hospitali kadhaa vikafuata vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri hukaa mahali pamoja, ili mwenye jeraha asizungushwe mji mzima na fomu ya polisi, PF3, mkononi.

Mke wa askari anaweza kwenda huko kama mwananchi mwingine yeyote, kwa kuwa kifungu cha 66 hakimtofautishi mume mwenye gwanda na asiye nalo. Kinachomzuia ni hesabu anayoipiga kabla ya kutoka nyumbani. Mume akifukuzwa kazi, kota inarudi serikalini. Watoto wanahama shule katikati ya muhula. Matibabu ya hospitali ya jeshi yanakwisha, na pensheni waliyoingojea pamoja inayeyuka. Akiwa mke wa polisi, dawati lenyewe limo ndani ya kituo cha wenzake mumewe. Hii ndiyo sababu huduma ya familia haiwezi kutenganishwa na kuzuia ukatili: mwanamke mwenye akaunti yake, shamba lake, kikundi chake cha vikoba na ndugu wanaompokea hupiga hesabu hiyo kwa namna tofauti. Ng'ombe wa mke wa Kidatoga walifanya kazi hiyohiyo.

Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, uliagiza kamati za ulinzi ziundwe kuanzia taifa hadi kata, kijiji na mtaa, na ukajiwekea lengo la kupunguza ukatili huo kwa nusu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, wale wanaokaa vijijini na kujua nani kampiga nani kabla polisi hawajajua. Kwa mkazi wa Sigino, hizo ndizo hatua za karibu: mtaa, kata, kisha mjini. Na upande wa Hanang, watafiti waliokwenda miongo kadhaa baada ya Klima waliwakuta wanawake wa Kidatoga bado wanaitana chini ya mti na fimbo zao, bado wanatoza fahali.

Mwongozo wa madawati ya polisi unataka dawati liwe na chumba chake, mbali na kaunta, ili anayeingia asieleze shida yake mbele ya foleni ya wanaume wanaosubiri dhamana. Unataka pia anayempokea awe amefundishwa kazi hiyo, na aanze kwa kumpa mgeni kiti.